Kilomita laki tatu na zaidi: gari litengenezwe au liuzwe?

Barua za wasomaji kutoka Kigoma na Tabora, pamoja na majibu ya mafundi wa safu hii.

Habari za kazi, mafundi. Nina Noah ya zamani (SR40, injini ya 3S ya petroli) inayopiga ruti ya Kigoma na Kasulu, abiria na mizigo. Dashibodi inasoma kilomita 342,000. Inakula oili, na nikiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu. Fundi ameangalia moshi tu akasema ni oveholi (kufungua injini yote na kuifanya upya), Sh 2,800,000. Mnunuzi yuko tayari kutoa Sh 4,500,000 ilivyo. Noah nzuri kidogo nimetajiwa Sh 11,000,000. Mume wangu anasema tuuze, mimi roho inasita. — Mama wa Ujiji

Mama, usiuze na usikubali injini ifunguliwe kabla haijapimwa. Kutaja oveholi kwa kuangalia moshi ni kubahatisha kwa pesa yako.

Moshi wenyewe una lugha yake. Ukitoka asubuhi kisha ukapotea baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa: oili huchuruzika usiku kucha ikaingia kwenye silinda. 3S ina valvu 16, kwa hiyo sili ni 16, na kuzibadili ni kazi ndogo sana kuliko oveholi. Moshi unaotoka gari likiwa limeelemewa, unapopanda mlima na mzigo huku umekanyaga mafuta, unaelekeza kwenye ringi, yaani pete za pistoni. Kabla ya yote hayo, mwambie fundi ang'oe valvu ya PCV (ya kutoa mvuke wa ndani ya injini) iliyo juu kwenye kava la tapeti aitikise. Ikilia kachakacha, ni nzima. Ikinyamaza, imeganda, na PCV iliyoganda peke yake inaweza kuifanya injini inywe oili na kuvujisha kila sili.

Halafu pima inakula kiasi gani. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, gari likiwa mahali tambarare, uandike kilomita. Nenda na rudi Kasulu mara tano au sita, hapo umekaribia kilomita 1,000. Kama umeongeza chini ya lita moja, uko ndani ya kiwango ambacho watengenezaji wengi hukivumilia kwa injini iliyotumika. Ikipita lita moja, endelea na kipimo cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa.

Kipimo hiki kina masharti, na mafundi wengi huyaruka: injini iwe imepata moto, plagi zote nne zitolewe, betri iwe na chaji, na pedeli ya mafuta ikanyagwe hadi chini wakati wa kuzungusha. Pedeli ikiachwa, hewa haiingii ya kutosha, na injini nzima itasomeka mbovu. 3S mpya husoma karibu psi 178 (psi ni kipimo cha mgandamizo), kiwango cha chini ni 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Kigoma mjini tuko karibu meta 800 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo toa psi 10 hadi 15 kwenye matarajio yako. Ndiyo maana tofauti baina ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe.

Silinda iliyo chini itiwe kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Zikiwa silinda mbili zilizopakana na zote ziko chini sawasawa, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu) imeungua katikati yao. Hapo hakuna oveholi, kuna hedi ya kushusha.

Sasa bodi. Kwa maoni yetu hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa sababu injini inabadilishika na bodi iliyooza haibadilishiki. SR40 haina chesesi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ingia chini na bisibisi nene. Gonga na choma kingo za chini ya milango, sehemu zinaposhikwa shokapu, mahali mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa, na sakafu ya nyuma chini ya zulia. Kutu ya juu juu hukwanguliwa ikapakwa rangi. Bisibisi ikizama, ujue chuma kimekwisha. Ziwa letu ni maji baridi, hewa yake haina chumvi, lakini gari linalobeba migebuka na samaki wa chumvi hudondoshewa maji ya chumvi sakafuni kila safari. Tumeona sakafu zilizooza huku bodi ya nje inang'aa.

Bodi ikiwa nzima, piga hesabu hivi. Kuna kanuni inayozunguka vijiweni kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei ya gari, uza. Sisi hatuikubali, maana inalinganisha ukarabati na bei ya gari bovu, wakati wewe ukiuza hutaishia hapo, utanunua jingine. Ukiuza kwa 4,500,000 na kununua kwa 11,000,000 unaongeza 6,500,000. Weka usafiri wa kulileta, gharama za kubadili umiliki, na matengenezo ya mwanzo ambayo gari la mkononi halikwepi: mkanda wa taimingi, oili zote, pengine matairi mawili. Tenga 1,000,000. Jumla 7,500,000. Kwa upande wa pili, oveholi 2,800,000, na tuseme shokapu na bushi 600,000, jumla 3,400,000. Igawe kwa miezi 24: ni kama 142,000 kwa mwezi. Ruti ikishindwa kutenga kiasi hicho, hata Noah ya milioni 11 itaishia kwenye mawe.

Na pesa ulizokwisha kutumia mwaka jana usiziingize kwenye hesabu hii. Hizo zimekwenda, hata ukiuza hazirudi.

Ikithibitika ni ringi, una njia mbili: oveholi au injini ya mtumba. Oveholi ni nzuri pale tu silinda zinapopimwa kwa kipimo cha ndani, juu, katikati na chini. Kitundu cha silinda ya 3S kikiwa kipya kina upana wa milimita 86.00. Kikiwa kimelika upande, kuweka ringi mpya ni kupoteza pesa, kunahitajika kuchonga na pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo). Hata kikiwa sawa, kuta zipitishwe jiwe la honi zipate mistari ya kupishana, la sivyo ringi mpya hazikai na moshi unarudi ndani ya miezi mitatu. Injini ya mtumba ni ya haraka, ila idai ipimwe kompresheni kabla ya kulipa. Kabla haijafungwa kwenye gari, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na mkanda wa taimingi, kwa sababu kwenye SR40 injini iko chini ya viti vya mbele na kurudi huko baadaye ni ufundi mara mbili. Mkanda wa 3S ni wa kilomita 100,000. Ukikatika haupindi valvu, lakini utalala njiani. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadili injini tunza risiti na uende TRA (mamlaka ya mapato) taarifa zirekebishwe. Usipofanya hivyo, utakuja kukwama siku ya kuliuza.

Bisibisi ikizama kwenye mshiko wa ekseli au shokapu, mama, mumeo yuko sahihi. Chukua hiyo 4,500,000.

Shikamooni. Hilux yangu ya dizeli (injini ya 5L) inabeba tumbaku na mbolea. Chesesi imepasuka nyuma, karibu na mshiko wa springi, upande wa dereva. Imechomelewa mara mbili, na imefunguka tena palepale. Niitupe? — Msomaji, Urambo

Marahaba, kijana. Bado haijafika huko. Inafunguka palepale kwa sababu fundi amejaza ufa kwa juu tu, na bila shaka mzigo haujapungua.

Kwanza angalia chuma. Nyufa kwenye chuma kizima hutibika. Nyufa zilizozungukwa na kutu inayobanduka kama maganda, ukigonga nyundo ikatoa sauti ya kufa, hazina tiba, na hapo chesesi ndiyo imeamua badala yako.

Chuma kikiwa kizima, ufa unatafutwa hadi ncha zake zote mbili, na kila ncha inatobolewa tundu la milimita 6 hivi ili usiendelee kutembea. Ufa unachimbwa kwa grainda uwe na umbo la V hadi karibu na upande wa pili, ndipo unajazwa. Vijiti vya kuchomelea viwe aina ya 7018 vilivyokauka, si 6013 vya kuchomelea mageti, kwani vijiti vyenye unyevu huacha chomeleo linalopasuka. Juu yake inakuja pleti yenye unene sawa na chesesi, iliyokatwa ncha zake ziwe za mshazari au umbo la almasi. Pleti ya mraba yenye mstari wa kuchomelea uliosimama wima, kutoka juu hadi chini ya chesesi, hutengeneza mahali papya pa kukatikia. Ni kosa tunaloliona kila mara. Kingo za juu na chini za chesesi zisiguswe na moto. Toa waya za betri na za oltaneta kabla ya kuanza.

Kisha linganisha springi za pande mbili. Ikiwa jani moja limevunjika au bushi za shekeli zimekwisha, upande huo unapigwa zaidi, na hata chomeleo la kiwandani lingefunguka.

Habari wahariri. Ninauza Corolla yangu iliyochoka ninunue Probox. Nimeonyeshwa moja, namba D, kilomita 91,000. Nitajuaje ni za kweli? — Mwalimu, Ipuli, Tabora

Mwalimu, herufi ya namba ya usajili, kama hiyo D, inaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini, si lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho, kwenye lebo yake huko chini mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa 2005 kwenye gari linaloambiwa ni la 2010 ni swali la kumuuliza muuzaji.

Kilomita hurudishwa kwa urahisi, lakini mpira wa pedeli ya breki haurudishwi. Tazama pia ukingo wa kiti cha dereva upande anaoshukia, na usukani pale mkono wa kulia unaposhika. Kwenye tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi mapya sana kwenye gari la “kilomita chache” nayo yanasema kitu: huenda ya kwanza yalishalika.

Probox nyingi zina injini ya 1NZ, ambayo ina cheni badala ya mkanda. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Mkwaruzo wa cheni unaodumu zaidi ya sekunde chache unaonyesha oili ilipuuzwa. Ukinunua, mwaga oili siku hiyohiyo: inaingia lita 3.7 pamoja na filta. Kabla ya kulipa, angalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, madeni hufuata gari. Na kama unafikiria kuagiza Japani, tumia kikokotoo cha TRA kwanza. Gari dogo la miaka 8 au zaidi tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa uchakavu, na hapo bei ya mtandaoni inakuwa hadithi.

Prado yangu ya injini ya 1KZ inachemsha, hedi ina ufa. Nichomelee au ninunue hedi? — Nzega

Nunua hedi mpya tupu. Ya 1KZ ni ya alumini na hupasuka katikati ya valvu. Kuchomelea hulainisha chuma na kuipinda, na wengi hulipa mara mbili. Gasketi yake hutoka kwa unene tofauti, huchaguliwa kwa kupima jinsi pistoni zinavyotokeza juu ya bloku, si kwa kubahatisha dukani. Rejeta na klachi ya feni zishughulikiwe wakati huohuo, kwani mara nyingi ndizo huua hedi ya kwanza. Baada ya kufunga, washa asubuhi injini ikiwa baridi na ushike paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja, gesi bado inaingia kwenye maji.

Gari limekaa uani miaka mitatu, injini imekwama. Niliuze zima au spea? — Kibondo

Zima, labda uwe na mahali pa kuhifadhi na subira ya kupokea simu. Spea zinazotoka haraka ni gia boksi, taa, milango na rimu. Baada ya hapo utabaki na ganda ambalo hata wa skrepa atakupunja. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa 2017, kwa hiyo kukaa uani hakukuongezei deni hilo. Lakini ukilikata vipande, peleka kadi TRA lifutwe kwenye usajili. Kadi na pleti ya namba ya chesesi usimpe mnunuzi wa spea, vinaweza kuishia kwenye gari la wizi lenye jina lako.