Kifua kinauma, au anakohoa?

*Shikamoo dada. Mimi ni Mkongomani, nina miaka 41, naishi Erie, Pennsylvania, na mume wangu na watoto watatu. Nilikuwa muuguzi wa A2, yaani diploma ya uuguzi ya ngazi ya sekondari, kule Uvira kabla vita haijatupeleka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukakaa miaka 12. Hapa nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wazee. Karibu na kwetu kuna kituo cha gari la wagonjwa, wamebandika tangazo kwamba wanatafuta watu wa kujitolea. Kila nikipita naliangalia. Lakini diploma yangu hapa haina kazi, Kiingereza changu ni cha kambini, na mume anasema Wazungu wanatafuta wa kuwatumikisha bure. Niende au niache?*
*Mama wa watatu, Erie*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa zamu ya usiku, machela imeshaoshwa na redio imetulia. Nenda. Ila nikueleze na utakayoyakuta, usije ukanilaumu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huu ni mwaka wa 9 najitolea kwenye kituo kidogo nje ya Pittsburgh, kila Jumanne usiku na Jumamosi moja moja. Diploma yako hawataiangalia, bora ulijue hilo mapema. Kila mtu anaanza na kozi ya mhudumu wa dharura, ambaye huku wanamwita EMT. Kozi kwa kawaida ni saa 150 hadi 190. Yangu ilikuwa jioni mbili kwa wiki na Jumamosi kadhaa. Kisha kuna mtihani wa kitaifa kwenye kompyuta, maswali kati ya 70 na 120. Kadiri unavyopata, kompyuta inakuletea magumu zaidi, kwa hiyo ukiona maswali yanakaza usikate tamaa. Mimi niliufanya nikiwa na kadi ya kijani tu, uraia sikuwa nao. Na A2 yako haijapotea: wenzako watakapokuwa wanatafuta mapigo ya moyo kwa vidole vinavyotetemeka, wewe utakuwa umeshahesabu.

Sasa Kiingereza. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye fleti ya familia inayozungumza Kiswahili. Babu ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho. Mkalimani ni mjukuu wa miaka kama 10, amevaa nguo za kulalia. Babu anasema "kifua", mtoto anamwambia mwenzangu kwamba babu anakohoa. Hakukosea yule mtoto. Kwao, kama kwetu, mtu akisema "nina kifua" tunamtafutia asali na tangawizi. Mwenzangu, ambaye ni mhudumu mzuri kunipita mimi, alikuwa tayari ameshika kipimo asikilize mapafu. Nikapiga magoti nikauliza, "Babu, kifua kinauma, kinabana, au unakohoa?" Hakujibu kwa mdomo. Alikunja ngumi, akaiweka katikati ya kifua na kuikandamiza.

Nikamuuliza kama aspirini inamdhuru, kama ana vidonda vya tumbo. Hapana. Tukampa vidonge vinne vidogo atafune, tukaita wenzetu wa ngazi ya juu waje na mashine ya kusoma umeme wa moyo. Alifika hospitali anaongea. Sentensi moja ya Kiswahili, dada. Hakuna aliyenifundisha darasani, na wewe unayo tayari.

Lakini usikubali wakufanye mkalimani wa kituo. Mkalimani husimama mlangoni. Wewe uwe na cheti na umshike mgonjwa. Ukiwa na cheti, swali lako lina uzito, kwa sababu unajua kwa nini unauliza. Na Kiingereza cha redio si kigumu kama unavyodhani. Ni umri wa mgonjwa, anaumwa nini, presha, mapigo, tutafika baada ya dakika ngapi. Mpangilio ni ule ule kila siku. Mwaka wa kwanza niliuandika kwenye plasta nyeupe niliyobandika pajani, juu ya suruali, nikawa nausoma hadi ukaniingia.

Kuhusu mume wako, mwambie cheti cha anayejitolea na cha anayelipwa ni kimoja. Ukikipata unaweza kuomba kazi ya mshahara kesho yake. Vituo vingine hulipia kozi. Changu kilinilipia kwa sharti nihudumu mwaka mzima. Vingine vina posho ndogo kwa zamu. Kabla hujasaini chochote uliza bima ikoje ukiumia mgongo au ukichomwa sindano, maana utabeba watu wazito kwenye ngazi nyembamba. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kituo kingine.

Na hilo la "Wazungu", msimulie habari ya mji huu wangu. Zamani mgonjwa Pittsburgh alichukuliwa na gari la polisi, bila tiba njiani. Mwaka 1967 ikaanzishwa Freedom House, huduma ya magari ya wagonjwa iliyoendeshwa na watu weusi wa mtaa wa Hill District. Baadhi yao hawakumaliza shule, na walikuwa wakihesabiwa watu wasio na kazi wala faida. Daktari Peter Safar, mmoja wa waliotupa mbinu ya kufufua mtu kwa pumzi ya mdomo na kukandamiza kifua, ndiye aliyeandaa mafunzo yao. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza Marekani kutibu mgonjwa kikamilifu ndani ya gari. Mwaka 1975 jiji likaifunga na kuanzisha huduma yake. Hainitoki moyoni. Kwa hiyo ukiingia kwenye gari lile, hujaazima kiti cha mtu.

La mwisho ni zito kidogo. Safari nyingi hazina damu wala mbio. Ni bibi kaanguka chooni tangu alfajiri, anaona haya. Hao unawajua kazini kwako. Lakini kuna usiku utamkandamiza mtu kifua, utasikia mbavu zinaalika chini ya viganja, na hatarudi. Nikirudi siku kama hiyo nakaa garini, injini imezimwa, kabla sijaingia ndani. Mume wangu ameshajua, hunisubiri jikoni na chai, haniulizi kitu. Zungumza na wako mapema kuhusu siku hizo.

*Dada, nina miaka 17, nipo Pittsburgh. Nataka kuendesha gari la wagonjwa. Naruhusiwa?*
*Kijana wa Pittsburgh*

Kuendesha bado, mwanangu. Subiri 18, na hata hapo kuna mafunzo yake. Ila cheti cha EMT Pennsylvania inatoa kuanzia miaka 16, basi anza na kozi. Nenda na mzazi, na uvae viatu vya kufunika vidole.