Maswali ya Wasomaji: Siku ya Kukanyaga Polepole

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Arusha. Jumanne na Alhamisi mimi na wenzangu hupanda milima kwa baiskeli, na Jumamosi hukata zaidi ya kilomita 80. Nimeambiwa kwamba Jumatano nikanyage polepole ili nitoe asidi miguuni, nami huenda Usa River na kurudi. Mbona Alhamisi ikifika miguu bado ni mizito kama magunia?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo asidi, maana imewapotosha wengi. Laktiki, yaani hiyo wanayoiita asidi, inayojaa katika damu unapopanda mlima kwa nguvu hurudi katika kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, hata ukijilaza tu mkekani; kwa hiyo Jumatano asubuhi hakuna asidi ya kutoa. Uzito unaousikia unatokana na majeraha madogo madogo ya misuli, pamoja na akiba ya sukari ya misuli iliyopungua, ambayo huhitaji takriban saa 24 ili ijae tena, nayo hujazwa na wali, ndizi na viazi, si na pedali.

Pili, njia uliyoichagua haikufai. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Usa River iko chini zaidi, kwa hiyo unakwenda kwa mteremko ukijiona hodari, kisha unarudi kwa kupanda huku malori yakikupita, na mwisho wa safari hiyo ya zaidi ya kilomita 40 umekwisha kujiongezea siku nyingine ya mazoezi makali bila kujua.

Tafuta barabara tambarare karibu na nyumbani, hata kama itakubidi kuizunguka mara kumi, na uendeshe kwa dakika 30 hadi 45 tu. Weka gia ndogo ya mbele, kisha hesabu goti la kulia: likipanda mara 22 katika sekunde 15, unazungusha pedali kama mara 88 kwa dakika, nao ni mwendo mzuri ambao haukandamizi misuli. Kama una saa ya kupima mapigo ya moyo, na kiwango cha juu ulichowahi kukiona mlimani ni 185, usivuke 120. Kama huna, simulia kisa kirefu kwa sauti. Ukilazimika kukata sentensi ili uvute pumzi, umezidisha. Wapo watakaokupita, pengine hata muuza maziwa mwenye madumu mawili nyuma, nawe mwache aende zake. Kwa maoni yangu hilo ndilo gumu kuliko mlima wowote, na asiyeliweza ni heri alale nyumbani, kwa kuwa faida ya mwendo huu ni ndogo, ilhali hasara ya kuuzidisha ni kubwa.

Kabla ya kutoka, pima mapigo yako ukiwa bado kitandani. Yakizidi yale uliyoyazoea kwa kumi hivi, na usiku hukulala vizuri, iache baiskeli ukutani siku hiyo.

SWALI: Je, siku ya kukanyaga polepole ninaweza kuogelea badala ya kuendesha baiskeli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, dada yangu, na kwa joto la Pwani huenda ikawa nafuu zaidi, mradi uogelee kwa utulivu na usipige miguu kwa nguvu. Kutembea pia kunafaa. Kukimbia ndiko ninakokukataza, kwa sababu misuli ya mwendesha baiskeli haijazoea kishindo cha mguu kutua chini, na kesho yake utashindwa hata kushuka ngazi.