Tumeombwa vipindi 13 vya katuni ya vichekesho, kuanzia Februari: tutaweza?

SWALI: Dada, shikamoo. Tupo wanne, tuna chumba cha kazi Nyakato hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa pili tunarusha mtandaoni katuni ya familia moja ya wauza dagaa wa Mwaloni, pamoja na mjomba wao ambaye ni mpiga debe kwenye kivuko cha Kigongo. Kipande kimoja ni dakika mbili na kinatuchukua wiki tatu. Sasa kituo kimoja cha televisheni kinataka msimu mzima: vipindi 13 vya dakika 11, vianze kurushwa Februari, kimoja kila wiki. Leo ni Mei. Nimesoma kwamba, kwa katuni za Marekani, The Simpsons hutumia miezi kwa kipindi kimoja na South Park hutumia siku sita. Tumfuate nani? Halafu, daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa. Mjomba tumfanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongereni. Kabla furaha haijawafikisha kwenye kusaini, tupige hesabu. Vipindi 13 vya dakika 11 ni dakika 143. Kwa mwendo wenu wa sasa mtamaliza baada ya wiki 214 na ushei. Hiyo ni miaka minne. Mtoto anayeanza chekechea leo atakuwa darasa la tatu nanyi bado mnarekebisha midomo.

Sisemi hivyo kuwakatisha tamaa. Ninachotaka mwone ni kwamba mwendo huo ni wa watu wanaofanya kipande kimoja mpaka kiishe, ndipo waanze kingine. Msimu hautengenezwi hivyo popote, Marekani wala Dar es Salaam, ambako katuni ya watoto ya Ubongo Kids inatengenezwa na imekuwa hewani tangu 2014.

Nenda Mwaloni asubuhi ukaangalie dagaa. Wengine wanashushwa kwenye mitumbwi, wengine wameanikwa, wengine wanapepetwa, na wengine wameshajazwa kwenye magunia wanasubiri lori. Siku ileile, watu tofauti. Hakuna anayesubiri gunia la kwanza lifike sokoni ndipo amwambie mvuvi aingie ziwani. Ukiingia kwenye studio ya katuni ya msimu mrefu utakuta hivyohivyo: kipindi cha kwanza kiko kwenye sauti za mwisho, cha pili kinafanyiwa marudio, cha tatu na cha nne wanavihuisha, yaani michoro inafanywa itembee, cha tano kinachorwa mandhari, cha sita kiko kwenye storibodi (hadithi iliyochorwa picha kwa picha), cha saba kinarekodiwa, na cha nane mwandishi bado anakuna kichwa.

Kwa hiyo uliyosoma ni kweli yote mawili. The Simpsons inatumia miezi kwa kipindi kimoja, lakini vipindi vingi vinatembea kwa pamoja, na sehemu kubwa ya uchoraji imekuwa ikifanyika Korea Kusini. South Park kwa miaka mingi imekuwa ikitumia siku sita, kwa sababu nyingine kabisa. Wahusika wake ni vipande bapa vilivyoigwa kutoka karatasi zilizokatwa kwa mkasi, mara nyingi wanatazama mbele tu, na tangu 1997 wamejikusanyia ghala kubwa la sura, nyumba na magari. Waanzilishi wawili, Trey Parker na Matt Stone, wanaandika na kuigiza sauti nyingi wenyewe, kwa hiyo mstari ukibadilika usiku wa manane hakuna wa kumpigia simu. Nyinyi ghala hilo hamna. Wafuateni The Simpsons kwa ratiba, na South Park kwa namna ya kumjenga mhusika.

Sasa hesabu yenyewe. Tumieni Mei na Juni kuandika, kubuni wahusika na kurekodi sauti za mwanzo. Kuhuisha kuanze Julai na kuishe katikati ya Machi, wakati vipindi vya mwanzo vimeshaanza kurushwa. Hizo ni kama wiki 36. Dakika 143 ukigawa kwa wiki 36 unapata dakika nne kwa wiki, mara sita ya mwendo wenu wa leo. Dakika nne ni sekunde 240. Wahuishaji wanne wakifanya siku tano kwa wiki, kila mmoja anadaiwa sekunde 12 kwa siku.

Sekunde 12 kwa siku, kwa vikaragosi (wahusika wa vipande vinavyosogezwa bila kuchorwa upya) vilivyojengwa vizuri ndani ya programu kama Moho, Toon Boom au hata Blender, zinawezekana. Lakini soma vizuri: wanne wanaohuisha TU. Hawaandiki, hawachori mandhari, hawaungi sauti, hawaendi benki. Nyinyi leo ni wanne mnaofanya yote, na hapo ndipo wiki zenu tatu zinapopotelea. Mtahitaji mtu wa storibodi, mtu wa mandhari, mtu wa kuhariri na sauti, na mtu wa nne ambaye vijana huwa wanamdharau: mwenye daftari. Huyu hachori chochote. Anajua shoti (kipande kimoja cha picha) ya 46 ya kipindi cha tano iko kwa nani, imekwama kwa nini, na nani atapigiwa simu. Mkikosa fedha ya mtu mmoja, msimkose huyu.

Tena hizo ni sekunde 12 zilizokubaliwa, si zilizofanywa tu. Mwongozaji atarudisha nyingine. Mlenge 15.

Kikaragosi mama kiwe kimoja. Hili nililipia mwenyewe. Kwenye msimu mmoja niliousimamia miaka ya nyuma, tulikuwa tunakopi kikaragosi cha mhusika mkuu ndani ya faili la kila shoti. Tukafika kipindi cha sita. Mteja akaja, akatazama, akauliza kwa upole kwa nini baba wa familia amevaa shati la kijani na njano wakati uchaguzi uko mlangoni. Hatukuwa na nia yoyote, mchoraji alipenda rangi tu! Tulifungua shoti 212, moja baada ya nyingine, kubadilisha shati. Kama shoti zote zingekuwa zinachota kwa kikaragosi mama, ingekuwa kazi ya dakika kumi na soda.

Kicheko kikamilike kwenye animatiki, yaani storibodi iliyounganishwa na sauti halisi kwa muda wake halisi. Waiteni watu watano wasiowajua, si mama zenu, muwaonyeshe michoro hiyo ya penseli. Wasipocheka hapo, rangi haitawachekesha. Kubadilisha utani kwenye animatiki ni kufuta mchoro mmoja. Ukibadilisha baada ya kuhuisha unatupa siku mbili za mtu. Andikeni kwenye mkataba kwamba kituo kinaidhinisha animatiki, na mabadiliko ya hadithi baada ya hapo yanalipiwa.

Sauti zitangulie picha, siku zote. Na kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu havilisemi: bati. Vuli ikianza Oktoba, chumba chenu cha Nyakato kitakuwa ngoma. Rekodini nyingi iwezekanavyo kati ya Juni na Septemba, magodoro ukutani, waigizaji wakiwa pamoja chumba kimoja ili waingiliane maneno kama watu wanavyoingiliana. Kichekesho kilichorekodiwa mtu mmojammoja kinasikika kama tangazo la msiba.

Kuhusu midomo, nitakaa kidogo kwa sababu naona kosa hili kila siku. Programu nyingi za kulinganisha midomo na sauti zimefundishwa Kiingereza, ukizipa Kiswahili zinatafuta maneno ambayo hayapo. Chagueni ile hali inayofuata sauti bila kutafuta maneno, au fanyeni kwa mkono. Kiswahili kinawarahisishia: irabu tano, na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Midomo minane inatosha: a, e, i, o, u, mdomo uliofungwa wa m, b na p, meno juu ya mdomo kwa f na v, na meno yaliyokaribiana kwa zilizobaki. Lakini msifungue taya kwa kila silabi, mhusika ataonekana anatafuna muwa. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo taya lifunguke zaidi, na hapohapo ndipo kichwa kitikise au mkono ushuke: wa-me-O-ndo-ka hapana, wa-me-o-NDO-ka ndiyo. Maneno kama mtu na mbwa yaanze na mdomo uliofungwa kwa fremu (picha mojamoja zinazounda sekunde) mbili au tatu kamili. Ukiziruka, mtazamaji hatajua tatizo ni nini ila ataona huyu mtu haongei Kiswahili.

Na kwa heshima zote, msitegemee mjomba kubadilisha r kuwa l ndiyo iwe kichekesho. Kitawafikisha kipindi cha tatu, kisha Wasukuma wenyewe watabadilisha stesheni.

Mandhari ni mahali ambapo Mwanza inawapa msaada wa bure. Choreni mawe kumi mazuri. Yageuzeni, yakuzeni, yapangeni upya, mtapata kila kilima kuanzia Igogo hadi Bugando. Isipokuwa jiwe la Bismarck, hilo kila mtu analijua. Mkiligeuza mtaandikiwa barua. Ziwa ni gharama, maji hayatulii. Tengenezeni mzunguko mmoja wa mawimbi wa sekunde mbili kwa asubuhi, mwingine kwa jioni, mwingine kwa usiku, basi.

Hapo namfikia mjomba. Katuni ndefu lazima iamue mapema kitu gani kinazeeka. Bart Simpson, mtoto wa kiume wa familia ya The Simpsons, ana miaka 10 tangu 1989. Watu wake hawakui, lakini simu, magari na marais wanaobadilika wanaingia. Nawashauri hivyohivyo: mjomba asizeeke, ila daraja liwepo. Mpiga debe aliyezoea kuita abiria wa pantoni, sasa magari yanampita bila kusimama, ana visa vya msimu mzima. Kiufundi pia mmepata zawadi: daraja la kilomita tatu lenye nguzo zinazojirudia ni mandhari inayozungushwa bila mwisho, wakati kivuko kilikuwa maji, moshi na watu mia wanaosukumana. Makundi ya watu ndiyo yanayoua bajeti. Kivuko kibaki kwenye kumbukumbu zake.

Kipindi mtakachokitengeneza kwanza kisiwe cha kwanza kurushwa. Kitakuwa kibaya kuliko vyote, hata mkiwa hodari. Kipindi cha kwanza cha The Simpsons kilirudi kutoka kwa wachoraji kikiwa kibaya hata sehemu kubwa ikafanywa upya. Msimu uliotakiwa kuanza vuli ya 1989 ukasogezwa, ukafunguliwa Desemba 17 na kipindi cha Krismasi, na kile kibovu kikarushwa cha mwisho, Mei 1990. Kwa hiyo vipeni vipindi namba ya kazi, tofauti na namba ya kurushwa. Na karibu na cha nane, mkiwa mmechoka kabisa, wekeni kipindi ambacho umeme umekatika nyumbani kwa familia. Dakika nane za macho tu kwenye giza. Kichekesho kinakaa kwenye sauti, na wahuishaji wanapata pumzi.

Umeme wenyewe hautawaacha. Oktoba 2013 South Park ilikosa tarehe ya kurushwa kwa mara ya kwanza kwa sababu umeme ulikatika studio usiku wa mwisho, ikabidi kipindi cha zamani kirudiwe. Hao ni watu wa Los Angeles. Nyinyi kabidhini kila kipindi wiki mbili kabla, renda (kompyuta kutoa picha za mwisho) ifanyike kwa vipande vifupi badala ya kipindi kizima, na nakala zikae kwenye diski mbili, moja ikilala nyumba nyingine.

Mengine kwa haraka. Kiulizeni kituo kwa maandishi kinataka fremu 25 kwa sekunde au vinginevyo, ukubwa gani wa picha na kiwango gani cha sauti. Sajilini wahusika COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) kabla ya kusaini, na mkataba useme wazi kwamba wahusika ni wenu. Malipo yaje kwa hatua: skripti, animatiki, kukabidhi.

Kabla ya kujibu kituo, fanyeni jaribio. Chukueni ukurasa mmoja wa skripti wenye watu wawili wanaozungumza, mtu mwingine awaandalie sauti, storibodi na mandhari, kisha nyinyi wanne mhuishe kwa siku tano bila kugusa kazi nyingine. Mtu wa nje ahesabu sekunde zilizokubalika. Mkifikisha 12 kwa kila mtu kwa siku, sainini 13. Mkiishia nane, wiki 36 zitawapa dakika 96, basi kiombeni kituo vipindi vinane. Mkipata tano, nipigie tuongee upya, maana hapo tatizo liko kwenye vikaragosi.