Namba kwenye dodoso: ipi inakokotolewa wastani, ipi haikokotolewi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naandaa tasnifu ya uzamili na nimejaribisha dodoso kwa watu 40 kabla ya utafiti wenyewe. Jinsia niliipa namba (1 mwanamume, 2 mwanamke), umri nikauweka katika makundi manne, na maswali ya kuridhika yana majibu matano, kuanzia 1 "siridhiki kabisa" hadi 5 "naridhika sana". Msimamizi amenirudishia kazi, anasema nimekokotoa wastani pasipostahili: jinsia 1.6, umri 2.3, kuridhika 3.7. Mbona kompyuta haikukataa?

Jibu: Kompyuta haikatai. Ukiipa namba za jezi za wachezaji itakupa wastani wake na desimali juu. Anayejua namba imesimama badala ya nini ni wewe.

Mgawanyo anaoutumia msimamizi wako ulitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, mwaka 1946: vipimo vya majina, vya mpangilio, vya nafasi sawa na vya uwiano. Jinsia ni kipimo cha majina. Ile 1 na 2 ni lebo tu. Ungeweza kuandika 7 na 90, na jinsia za watu zisingebadilika. Toa idadi na asilimia. (Hiyo 1.6 yako, kwa bahati, inaficha ukweli: wanawake ni 24 kati ya 40. Basi andika hivyo.)

Kuridhika ndiko kwenye ubishi. Hapa namba zina mpangilio, 4 inazidi 3, lakini hakuna aliyepima umbali kati yao. Chukua kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini: topazi ni 8, yakuti 9, almasi 10. Kwa macho ni hatua mojamoja, ila ugumu ukipimwa hasa, pengo la yakuti na almasi ni kubwa mno kuliko lile la topazi na yakuti. Nani amekuhakikishia kwamba kutoka "siridhiki" hadi "sina hakika" ni sawa na kutoka "naridhika" hadi "naridhika sana"? Kwa swali mojamoja, toa mediani, yaani jibu la katikati ukishayapanga yote, pamoja na asilimia ya kila jibu. Kulinganisha makundi mawili, tumia jaribio la Mann-Whitney, jaribio la takwimu linalotazama mpangilio wa majibu badala ya wastani.

Hata hivyo usiende na msimamo mkali. Rensis Likert, aliyeanzisha mtindo huu wa maswali yenye majibu ya ngazi mwaka 1932, alikusudia maswali kadhaa ya jambo moja yajumlishwe kuwa alama moja. Kwa alama hiyo ya jumla watafiti wengi hukokotoa wastani, nami sioni ubaya, mradi maswali yapime kitu kimoja kweli na useme wazi ulichofanya. Wapo wasiokubali hata hapo. Muulize msimamizi wako yuko upande gani kabla hujaandika.

Nafasi sawa na uwiano hazitakusumbua sana, na SPSS, ile programu ya takwimu, huziweka kapu moja. Tofauti yao iko kwenye maana ya sifuri: kwenye uwiano, sifuri ni kutokuwepo kitu kabisa; kwenye nafasi sawa, ni alama iliyochaguliwa tu. Nyuzi 20 za Selsiasi si joto maradufu ya nyuzi 10, maana sifuri ya hapo ni pale maji yanapoganda tu. Miaka 40 ni maradufu ya 20 kwelikweli.

Na hapo ndipo kosa lako kubwa, ambalo nadhani msimamizi hakulisisitiza vya kutosha. Umri ni kipimo cha uwiano. Wewe umeushusha kuwa mpangilio kwa hiari yako. Ile 2.3 si miaka, ni namba ya kundi, na kutoka kwenye kundi huwezi kurudi kwenye miaka. Umri kamili ungeweza kuugawa makundi wakati wowote. Kwa kuwa utafiti wenyewe haujaanza, futa visanduku vile vinne, uandike "Una umri wa miaka mingapi?" na kuacha nafasi ya kujaza.