Mafuriko ya mito ya milimani: kagua daftari kabla ya fomula

Ukipewa kazi ya kukadiria mafuriko ya daraja kwenye mto unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, usikimbilie Gumbel, fomula ya takwimu inayokadiria mvua au furiko kubwa lisilotokea mara kwa mara. Hesabu yenyewe ni ya nusu saa. Siku zako zimalizie kwenye takwimu.

Kipimamvua cha kawaida husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ikakatika saa tano hugawanyika katika siku mbili, ndiyo maana kilele cha siku huzidishwa kwa 1.13 ili kupata mvua ya saa 24. Tazama pia sifuri inayofuatwa na tarakimu kubwa: huenda msomaji hakwenda kituoni, na maji ya siku mbili yakaandikwa kama ya siku moja. Na nafasi tupu si sifuri.

Kituo kilicho karibu si lazima kiwe ndicho kinachofaa. Mashariki mwa Uluguru, upande unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hunyeshewa zaidi kuliko magharibi, na vituo vingi viko chini bondeni. Takwimu za satelaiti kama CHIRPS, zinazoanzia 1981, zitakuonyesha mvua inavyotawanyika mlimani, lakini vilele hufifia humo. Usizitumie peke yake.

Sasa hesabu. Chukua kilele kimoja kwa kila mwaka, na mwaka wako uanze kiangazi, ili furiko la Desemba linalovukia Januari lisihesabiwe mara mbili. Tuseme una vilele vya mvua vya miaka 25, wastani mm 60, mchepuo sanifu (kipimo cha jinsi vilele vinavyotofautiana) mm 20. Kwa mvua ya miaka 100, yaani yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, kizidishi cha Gumbel ni 3.14: 60 + 3.14 × 20 = mm 123. Kosa sanifu la jibu hilo, yaani kipimo cha shaka yake, ni karibu mm 16; ukienda makosa sanifu mawili hivi kila upande, ukweli unaweza kuwa popote kati ya mm 92 na 154. Andika upana huo kwenye ripoti. Mhandisi anayepewa 123 peke yake amepotoshwa. Mwambie pia kwamba daraja la kudumu miaka 50 lina uwezekano wa karibu asilimia 39 wa kukutana na furiko la miaka 100.

Mvua ya siku nzima haitoshi kwa mto mfupi wenye mteremko mkali. Kwa fomula ya Kirpich, mto wa kilomita 12 wenye mteremko wa asilimia 8 hukusanya maji, kutoka mwanzo wake hadi darajani, kwa dakika 70 hivi. Unachohitaji ni mvua ya saa moja.

Vipimo vya mtiririko vina tatizo gumu zaidi. Mtiririko hupimwa maji yakiwa tulivu, kisha mchoro wa kimo na mtiririko hurefushwa kwa kubahatisha hadi kimo cha furiko, huku mawe yakibadilisha kitako cha mto kila msimu. Mbaya zaidi, furiko kubwa huondoka na nguzo ya kipimo, hivyo miaka inayokosekana mara nyingi ndiyo mikubwa, na makadirio yako yanashuka. Usiifute miaka hiyo. Nenda ukatafute alama za maji kwenye kuta na miti, waulize wazee maji yalifika wapi, upime kwa levo, kifaa cha kupimia tofauti za kimo.

Halafu kumbuka kwamba fomula zote hizi zinahesabu maji matupu. Desemba 2023, kilichoshuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh kilikuwa tope, mawe na magogo. Acha nafasi ya kutosha chini ya daraja, na uepuke nguzo katikati ya mkondo: magogo hunasa hapo.