Moshi mweupe na maji kupungua kwenye Hilux ya zamani
Kaka, unasema Hilux yako ya zamani inatoa moshi mweupe na kumaliza maji, ukadhani ni ringi (pete za pistoni). Hiyo si ringi. Moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, na rejeta inamaliza maji bila tone kuonekana chini, ujue maji yanaingia kwenye silinda. Ni gasketi ya hedi (kizibo kilicho chini ya hedi, yaani kichwa cha injini) imeungua, au hedi yenyewe ina ufa. Zile Hilux za dizeli za injini ya aina iitwayo 2L zikishachemsha hedi hupasuka kati ya valvu, nimezifungua nyingi gereji. Ringi zikichoka moshi huwa wa bluu na kinachopungua ni oili.

Pima asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama maji: mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, yakiendelea kupanda mfululizo ni presha ya silinda inapenya. Chomoa na kijiti cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena hata kuisogeza uani.

Ila kama maji hayapungui na moshi unanuka dizeli mbichi hadi macho yanawasha, anza na nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Hedi ikifunguliwa, ipelekwe kupimwa ufa kabla hujanunua gasketi.