Kabla hamjasema seramu inavuta seli: kwa wageni wa benchi letu

Wadogo zangu mlioingia maabara juzi, nimewatazama mkijaza chemba ya Boyden (kifaa chenye seli juu na kivutio chini, katikati kichujio chenye vitundu) na nimevumilia kiasi cha kutosha. Mikono yenu ni mizuri, lakini mnarudia makosa yaleyale yaliyotupotezea sampuli sisi tuliowatangulia hapa Moshi.

1. Tazameni rangi ya kifuniko cha mrija kabla ya jambo jingine lolote. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilipewa kazi ya kuonyesha jinsi damu ya wagonjwa wenye maambukizi inavyovuta neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Kwa kuwa mirija ya zambarau ilikuwa imebaki kwenye friji baada ya kipimo cha picha kamili ya damu, niliizungusha kwenye sentrifuji, nikavuna plazima, nikaichanganya na zaimosani (chembe za ukuta wa hamira za kuamsha protini za kinga za damu), nikaiweka kwenye inkubeta kwa nyuzi 37, kisha nikaijaza chini ya kichujio. Seli hazikushuka. Nikarudia, hazikushuka. Badala ya kuushuku mrija niliwashuku wagonjwa, nikaandaa slaidi zenye grafu za kupendeza, nikasimama mbele ya wakubwa kutangaza kwamba damu yao imepoteza uwezo wa kuita seli nyeupe. Fundi sanifu mmoja mzee, aliyekuwa akinywa chai pembeni, akauliza: "Kijana, kifuniko kilikuwa cha rangi gani?" Nikajibu bila wasiwasi wowote kwamba kilikuwa cha zambarau. Akarudia chai yake. EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo humo, hukamata kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo yakikosekana mfumo wa komplementi (zile protini za kinga) hauamki, protini yake iitwayo C5 haikatwi, wala kipande chake C5a, ambacho ndicho mvutaji mwenyewe, hakipatikani. Nilikuwa nimeupima mrija, wagonjwa sikuwagusa. Chukueni mrija mwekundu, acheni damu igande, tenganisheni seramu, yale maji yanayobaki, mapema.

2. Chemba ipate joto kwanza. Asubuhi za Julai mnazijua, na neutrofili iliyopoa haitembei.

3. Nyuzi 56 kwa dakika 30 huua komplementi ambayo bado haijaamka, lakini C5a iliyokwisha kutengenezwa hustahimili joto hilo. Kwa hiyo zaimosani hutangulia, joto hufuata. Mmoja wenu aligeuza mpangilio, akanijia na uso wa mtu aliyeibiwa simu stendi, akidai zaimosani yetu imeharibika. Zaimosani ni nzima kabisa, iacheni.

4. Seli kuvuka kichujio si ushahidi kwamba imevutwa. Seramu huweza kuzichangamsha seli zikahangaika kila upande, na baadhi zikaangukia vitunduni bila kuitwa na mtu. Watafiti Zigmond na Hirsch walilitenganisha jambo hili mwaka 1973 kwa kuweka viwango mbalimbali vya kivutio juu na chini ya kichujio, na jedwali lao halikuandikwa kwa ajili ya kupamba tasnifu. Kiwango kikiwa sawa pande zote mbili na seli zikaendelea kuvuka kwa wingi uleule mlioupata kilipokuwa chini peke yake, mmepima uchangamfu tu. Najua visima (vile vishimo vya chemba vya kujaza) vinaongezeka, na najua kuhesabu kwa darubini kunachosha macho, hasa umeme ukikatika katikati ya hesabu. Hata hivyo, aliyeniletea hesabu zisizo na visima vyenye seramu juu ya kichujio pia azirudie kabla sijazitia saini.